Barafu Juu ya Lubudi

Farida binti Feruzi hakuwa mtu wa kuogopa safari. Alizaliwa Kolwezi katika ukoo uliotoka Kasongo, watu wa kupakia na kupakua tangu zamani. Baba yake alikuwa na lori, kaka zake wana malori, na mume wake Moussa huendesha lori kati ya Kolwezi na Dilolo, mpaka mlangoni mwa Angola. Farida mwenyewe aliuza vitenge sokoni, na mara nyingi alikwenda kuvitafuta mbali, akilala juu ya magunia na kusukuma magari yaliyozama kwenye matope, sketi imekunjwa hadi magotini. Kwa hiyo binti yake Kadija alipojifungua mtoto wa kwanza huko Mbuji-Mayi, Farida alikwenda kumwona kwa barabara, kama alivyozoea.

Ni Moussa aliyeng'ang'ania arudi kwa ndege. Ilikuwa Novemba, mvua zimepamba moto.

"Barabara inakwisha kufa, Mama Kadija," alimwambia kwenye simu. "Panda ndeke. Asubuhi uko kwa mutoto, muchana uko ku nyumba."

Ndege yenyewe ilikuwa ndogo, ya mapanga mawili yanayozunguka kwenye mabawa. Upande mmoja wa njia ya katikati kulikuwa na viti viwiliviwili, upande wa pili kimojakimoja. Farida alipewa kiti cha dirishani, nyuma kidogo ya bawa. Pembeni yake alikaa mzee mmoja mnene, mchangamfu, aliyeanza kuongea kabla hajakaa vizuri. Aliitwa Muamba. Alikuwa amestaafu kazi ya kuendesha mashine kubwa za kuchimba, na aliishi Musonoi, kando ya mashimo ya mgodi, katika nyumba aliyoijenga mwenyewe. Babu yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya shaba, na tangu hapo hawakuondoka. Sasa yeye na mke wake walikuwa wakirudi kutoka kumzika shangazi.

"Njo huyu bibi yangu, Simone," alisema, akielekeza kidole ng'ambo ya njia. "Anaogopa ndeke kuliko nyoka."

Simone, mwanamke mwembamba aliyevaa kitambaa cheusi kichwani, alijaribu kutabasamu. Mikono yake ilikuwa imeushika mkoba kana kwamba kuna mtu anataka kumpokonya.

Waliruka vizuri. Muamba akagawa karanga. Wakaongea habari za Kolwezi, za vumbi na za watoto wasiopiga simu. Kisha ndege ikaingia kwenye wingu, na wingu lile halikuisha. Nje kulikuwa kweupe kama mtu amefunika dirisha kwa shuka. Ndani kukaanza kuwa baridi, na Farida akajifunga kitenge cha pili mabegani.

Alipotazama tena bawa, aliona ukingo wake wa mbele umebadilika. Ulikuwa umeota kitu cheupe, chenye mabonde na vilima, kama ule ukoko wa barafu unaojazana kwenye friji ya zamani. Kilizidi kunenepa huku akikitazama.

"Tata Muamba, angalia. Ile kintu ni nini?"

Muamba akainama kuchungulia. Kicheko kikamtoweka usoni. "Ni barafu," alisema polepole.

Mara kitu kikagonga ubavu wa ndege, pwaa! kama mtu amerusha jiwe. Kikagonga tena. Vilikuwa vipande vya barafu vinavyorushwa na mapanga. Watu wakaanza kuita majina ya Mungu, kila mmoja kwa namna yake. Ndege ikatetemeka mwili mzima, pua ikiwa juu, kama lori lililopakiwa kupita kiasi likijaribu kupanda mlima. Farida aliijua hali hiyo. Alikwisha kukaa ndani ya lori la namna hiyo, na alijua linachofanya baadaye: linarudi nyuma.

Ng'ambo ya njia Simone alikuwa akihangaika na mkanda wake. Alikuwa ameufungua ili kuokota mkoba ulioanguka, na sasa vidole vilikuwa vinatetemeka, chuma hakiingii kwenye chuma. Muamba alimwona. Akafungua mkanda wake mwenyewe, akavuka, akapiga goti, akamfunga mke wake na kuuvuta mkanda ukamkaza.

"Simone, tulia. Inakwisha kufunga," alimwambia.

Aligeuka ili arudi kwenye kiti chake. Hapo ndipo bawa moja lilipoinama ghafla, na dunia ikapinduka.

Farida hakumbuki yote. Anakumbuka marubani wakipiga kelele mbele, kisha kijani cha pori kikitokea ghafla chini ya wingu, karibu mno. Ndege ilikuwa imeanza kunyooka, lakini ardhi ilifika kwanza. Ikapita juu ya miti, ikavunja matawi, ikajibwaga katika shamba la mahindi upande wa Lubudi, ikajiburuta na kupasuka.

Fahamu zilipomrudia, mguu wake wa kushoto ulikuwa umebanwa chini ya chuma, na mzigo mzito ulikuwa mapajani mwake. Ulikuwa mwili wa mzee Muamba. Farida aliweka kiganja kifuani pake, akakiacha hapo. Akasogeza shavu karibu na mdomo wake. Hakukuwa na pumzi. Macho ya mzee yalikuwa wazi, yametulia, na shingo yake ilikuwa imelala vibaya. Farida akayafumba macho yale kwa vidole vyake, akasema maneno ambayo kwao husemwa mtu akifa, kisha moshi ukamjaa kifuani na sauti ikamkatika.

Ndipo Simone alipotokea, damu ikimchuruzika usoni. Alimshika mumewe mabega, akamvuta huku akimwita. Mwili haukutoka, viti vya mbele vilikuwa vimemkandamiza miguu. Moto ukaanza kulia nyuma yao. Simone akamtazama mumewe, akamtazama Farida aliyekuwa akikohoa bila sauti. Kisha akakamata chuma kilichombana Farida, akakinyanyua kwa bega lake jembamba, akamkokota hadi nje kupitia mahali palipopasuka. Alimlaza kati ya mahindi, akageuka kurudi ndani. Wachoma mkaa waliokuwa wamefika mbio walimshika kiuno. Aliwapiga, akawauma, lakini hawakumwachia. Moto ukameza kila kitu mbele ya macho yake.

Zaidi ya nusu ya watu waliokuwamo hawakutoka.

*

Farida alipelekwa kwanza Lubudi, nyuma ya pikipiki, akishikiliwa na mtu asiyemjua, kisha hospitali ya Kolwezi, ambako walimtia vyuma mguuni. Homa ilimlaza muda mrefu. Alipoanza kuongea sawasawa, swali lake la kwanza lilikuwa juu ya Simone.

Dada yake Aicha, aliyekuwa akimuuguza hospitalini, aliangalia pembeni.

"Eko muzima," alisema. "Lakini banamukatala."

"Nani anamukatala?"

"Famille ya bwana, ndugu zake. Banasema eko mulozi. Banasema kwa nini yeye anatoka na kidonda kidogo tu, na bwana anaungua? Banasema aliacha bwana yake mu moto, akabeba mutu asiyemujua. Mukubwa wa marehemu, tata Ntambwe, alitia kufuli ku mulango ya nyumba. Simone analala kwa mama moja wa kanisa. Jumapili famille itakutana kukata maneno. Bakimufukuza siku ile, hana fasi ya kuenda."

Farida alijiinua kwenye mto. Aliyemwokoa, aliyenyanyua chuma kwa bega lake, ndiye leo anaitwa mchawi kwa sababu hiyohiyo. Hasira ilimpanda, lakini hakuilaza kitandani pamoja naye. Aliita muuguzi, akaomba magongo.

Daktari alikataa. Alimweleza kwamba mfupa haujashika, kwamba akiukanyaga anaweza kurudi mwanzo au kuupoteza mguu. Farida alimsikiliza hadi mwisho, akamshukuru, akaomba magongo tena.

Jioni Moussa alipofika kutoka Dilolo, na matope ya safari bado yapo kwenye suruali, naye alikataa.

"Mama Kadija, yale ni maneno ya famille ya bengine. Siye batu ya Kasongo, beye batu ya Kasai. Siye Baislamu, beye Bakristo. Tukiingia mule ndani, batasema tunatafuta nini?"

"Batasema tunatafuta kweli," Farida akajibu. "Moussa, uko unaongea na bibi yako. Ni kwa sababu ya nani uko unaongea naye? Kama si yule mama, ungekuwa unaongea na shimo."

Moussa alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akavua kofia, akaivaa tena. Alimjua mke wake. Akishaamua jambo, ni heri ujadiliane na mvua.

"Basi nitakubeba," alisema mwishowe. "Lakini nitakubeba mi mwenyewe. Huo muguu hautagusa chini."

Hata hivyo Farida alijua kwamba neno lake peke yake halitoshi. Watamwambia, wewe aliyekuokoa, utasema nini kingine? Tena palikuwa na lile jambo la barafu. Alikwisha kulisikia kwenye korido, watu wakicheka: barafu, Lualaba, nchi ambayo maji ya kuoga hupata moto kwenye bomba! Palipokosekana maelezo, uchawi uliingia bila kubisha hodi.

Katika wodi ya wanaume alikuwa amelazwa rubani msaidizi, kijana anayeitwa Hénock, aliyetolewa kwenye ndege mikono imeungua. Farida alisukumwa hadi kwake kwenye kiti cha magurudumu. Kijana alikuwa amegeukia ukuta.

"Mwana yangu, mi nilikuwa mu ndeke yako. Niliona barafu juu ya bawa. Unieleze."

Hénock hakugeuka. "Mama, wakubwa wa kampuni walikuja. Walisema nisiongee na mtu mpaka uchunguzi uishe."

"Siombi uongee na magazeti. Kuna mama moja anafukuzwa mu nyumba yake juu ya ile barafu. Banasema njo yeye aliangusha ndeke."

Kijana aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu. "Yeye?"

"Yeye. Kwa bulozi."

Hénock akatazama bandeji zake, zilizomfika viwikoni.

"Mimi ndiye niliyebonyeza kitufe," alisema hatimaye. "Mbele ya bawa kuna mpira. Barafu ikiota unaujaza hewa, unavimba, barafu inabanduka. Upande mmoja ulivimba. Upande wa pili haukuvimba. Ulikuwa mbovu, na ulijulikana kuwa mbovu. Mama, nikisema hivyo mbele ya watu, sitaruka tena kokote."

"Na usiposema, utaruka?"

Kijana akageukia tena ukuta. Farida hakumsukuma zaidi. Alimwachia jina la mtaa na saa ya kikao, akaomba arudishwe kitandani.

*

Jumapili, Moussa alimpakia Farida mbele ya lori, mguu umelazwa juu ya mito mitatu, akaendesha taratibu kama amebeba mayai. Musonoi palikuwa na matope. Pikipiki za abiria zilipishana nao zikiwarushia maji mekundu, na nyuma ya nyumba za mwisho kingo za shimo la mgodi zilionekana, kijivu na kijani.

Ua wa marehemu ulijaa watu kwenye viti vya plastiki. Kwenye mlango wa nyumba lilining'inia lile kufuli, jipya, linang'aa. Simone alikuwa ameketishwa chini, peke yake, nguo nyeusi, kichwa kimenyolewa. Hakuinua uso hata lori lilipozimwa.

Moussa akambeba mkewe mikononi mbele ya halaiki ile, akamweka kwenye kiti. Minong'ono ikasambaa. Tata Ntambwe, mzee mrefu mwenye ndevu nyeupe, alisimama.

"Mama, tunakupa pole juu ya muguu yako. Lakini hapa ni maneno ya famille."

"Yambo, tata Ntambwe. Najua. Sikuya kukata maneno yenu. Nilikuya kwa sababu mi njo mutu wa mwisho aliyemushika ndugu yako. Alikufa ku mapaja yangu. Kama muko na mutu mwingine aliyemuona akikufa, nitarudi kwetu."

Ntambwe akakaa.

Farida akaeleza. Hakuharakisha. Alieleza karanga, wingu, weupe uliokuwa unaota kwenye bawa, mawe ya barafu yaliyokuwa yakigonga ubavu. Alipofika kwenye mkanda alisita kidogo, kwa sababu aliona Simone akiinua uso kwa mara ya kwanza, akimsihi kwa macho asiendelee. Hapo Farida akaelewa kwa nini mwanamke huyu hakujitetea muda wote ule. Alijihukumu mwenyewe zamani. Mume alifungua mkanda wake ili amfunge yeye, na hakuwahi kuufunga tena.

Kulisema neno hilo mbele ya ukoo huu kulikuwa sawa na kuwapa kisu. Kulificha kulikuwa uongo. Farida akapiga moyo konde.

"Simone alishindwa kufunga mukaba. Mikono ilikuwa inatetemeka. Tata Muamba alifungua yake, akaenda kufunga ya bibi yake. Alimwambia: Simone, tulia, inakwisha kufunga. Njo neno lake ya mwisho."

Ua ukalipuka. Mwanamke mmoja akaanza kulia kwa sauti. Mwanamume mmoja akanyoosha kidole: "Munasikia! Alikufa kwa sababu ya huyu! Yeye mwenyewe anasema!"

"Sijamaliza!" Farida alipaza sauti, sauti ya sokoni, ile inayofika upande wa pili wa barabara. "Tata Muamba alikuwa mutu wa mashine. Aliona barafu, alijua inatuua. Alikuwa na dakika kidogo, akachagua fasi ya kuzitia. Alizitia ku huyu bibi. Hii ni kazi ya mwisho ya ndugu yenu, na aliimaliza muzuri: bibi eko muzima. Sasa nyinyi munataka kuibomoa? Mukimufukuza, si Simone munamufukuza. Ni Muamba."

Ntambwe alikuwa amekodoa macho chini.

"Na mu moto?" aliuliza. "Alimuacha mu moto, akabeba weye."

"Alikuwa ashakufa, tata. Nilitia mukono ku kifua, hakuna. Nilitia shavu ku kinywa, hakuna. Nilimufumba macho na hii mikono, kabla bibi yake hajafika. Moto ulikamata mwili. Hakusikia kitu. Simone alimuvuta, viti vilikatala. Na kisha kunitoa, alirudi. Bachoma makala ba kule Lubudi bako, muende mubaulize: alibauma mikono ili bamuachie aingie tena."

Simone alitoa sauti, si kilio wala neno. "Alikuwa ashakufa?" alimuuliza Farida, kana kwamba hapakuwa na mtu mwingine pale. "Mama, kweli? Wakati nilimuacha, alikuwa ashakufa?"

"Kweli ya Mungu, dada yangu. Haukumuacha. Alikuwa ashaenda."

Simone akajiinamia, mabega yakaanza kutikisika. Safari hii wanawake wawili wa ukoo waliinuka kwenye viti vyao, wakaenda kukaa chini karibu naye.

Lakini yule mwanamume wa kidole hakukubali. "Barafu!" alisema. "Hapa kwetu, barafu iko mu chupa ya Fanta. Ndeke inaanguka juu ya barafu? Mutuambie kintu ya kweli."

"Ni kweli."

Watu wakageuka. Hénock alikuwa amesimama kwenye mlango wa ua, shati lake la hospitali likionekana chini ya koti, mikono yake miwili, myeupe kwa bandeji, imeinuliwa kidogo mbele ya kifua. Dereva wa pikipiki aliyemleta alikuwa bado amemshika kiwiko.

"Mimi nilikuwa rubani msaidizi," alisema. "Huku chini kuna joto, lakini kule juu, ndani ya mawingu, ni baridi sana. Maji ya wingu yanaganda kwenye bawa. Bawa linabeba kwa sababu ya umbo lake. Likibadilika umbo, halibebi tena. Ndege yetu ilikuwa na kifaa cha kubandua barafu, na upande mmoja kilikuwa kibovu. Tuliruka hivyohivyo. Hakuna mulozi. Kuna kifaa kibovu, na watu waliojua."

Alisema hayo akimtazama Ntambwe, na alipomaliza akabaki amesimama, kama mtu anayesubiri kupigwa.

Mzee Ntambwe akainuka, akatembea hadi kwenye mlango wa nyumba. Alipapasa mifuko, akapata ufunguo. Kufuli likagoma kidogo, likafunguka. Akalitia mfukoni, akarudi, akasimama mbele ya shemeji yake. Hakuomba msamaha. Alisema tu:

"Simone, ingia ku nyumba yako. Jua linakuchoma."

*

Si wote walioridhika. Hata leo, Musonoi kuna watu wanaovuka barabara wakimwona Simone. Farida alipolisikia hilo, alianza kumtembelea mchana kweupe, akipita na magongo yake katikati ya mtaa ili wamwone vizuri. Mguu wake ulichelewa kupona, daktari alisema kweli, na atachechemea daima. Halalamiki. Vitenge huuzwa umekaa.

Hénock alifukuzwa kazi. Moussa akamtafutia kazi ya kupanga safari za malori kwa kaka za mkewe, kazi ya kukaa na simu, mpaka bandeji zifunguliwe. Hénock na Farida waliandika jina la kila familia iliyopoteza mtu, wakaanza kuzitembelea moja baada ya nyingine, kuziomba zishitaki pamoja. Nyingine ziliogopa. Nyingine ziliwafungia mlango. Waliendelea.

Asubuhi waliyopangiwa kwenda kwa mwendesha mashtaka, Farida alikuwa barazani akijifunga kilemba wakati gari la kukodi liliposimama mbele ya nyumba yake. Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Alikuwa Simone, na pembeni yake tata Ntambwe, amevaa koti lake la Jumapili, limebanwa vifungo vyote.

"Nilisikia munaenda kuuliza nani alijua juu ya kile kifaa," mzee alisema. "Mi pia niko na lile swali."

Akasogea katikati ya kiti kumwachia Farida nafasi, akapokea magongo yake, akayalaza magotini pake. Gari likaondoka kuelekea mjini.